Kazi ya nyumbani ya hisabati: kumtafuta x na kuipima bahati

Saa mbili usiku. Vyombo vimeoshwa, taa iko mezani, mtoto amefungua daftari. "Baba, x ni nini?" Katika nyumba nyingi jibu huwa moja: "Kesho kamuulize mwalimu wako." Si kwamba mzazi hajali. Ameona herufi zimechanganywa na namba, akahisi jambo hilo lilishampita zamani.

Ujumbe wa namna hii hutufikia sana studioni, hasa mitihani inapokaribia. Wengine hututumia swali lenyewe. Wengine huuliza kama kuna haja ya mtoto kuhangaika na hesabu zisizonunua hata chumvi. Hewani ni vigumu kuonyesha hatua za hesabu, kwa hiyo tumeamua kuziandika hapa. Tumechukua mada mbili zinazosumbua wengi: aljebra na uwezekano. Ya kwanza mzazi anaifanya kila siku sokoni bila kuijua jina. Ya pili inaweza kumzuia kijana asiiache pesa yake yote kwenye kibanda cha kubeti.

Kwa nini wengi wanakwama

Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa kidato cha nne hapa Tanzania. Sababu ni nyingi, lakini moja inaonekana wazi mezani nyumbani: lugha. Katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Hesabu ni ile ile, ila swali limevaa nguo nyingine. Mtoto anashindwa kulisoma swali kabla hajashindwa kulifanya.

Hapo ndipo mzazi ana nafasi. Hata kama hukufika sekondari, unaweza kumwambia mtoto: "Nieleze kwa Kiswahili hili swali linasema nini." Akiweza kukueleza, nusu ya kazi imekwisha. Akishindwa, mmeshajua tatizo liko wapi.

Aljebra ilianzia kwenye mirathi na biashara

Aljebra ni neno la Kiarabu, al-jabr. Lilisambaa kutokana na kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad, kilichoandikwa takriban mwaka 820. Maana ya al-jabr ni kurudishia kilichopungua au kuunga kilichovunjika, kama mtu anavyounga mfupa.

Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni maswali ya mirathi. Mtu amefariki, ameacha watoto, deni na wasia; kila mmoja apate kiasi gani? Al-Khwarizmi hakutumia x. Aliandika yote kwa maneno, na kile asichokijua akakiita "kitu". Kwa hiyo mtoto akiuliza x ni nini, jibu lipo tangu enzi hizo: x ni kitu ambacho bado hatujakijua, tumekipa jina ili tuweze kukizungumzia.

Swali la 1: mchele na chenji

Mama alitoka nyumbani na shilingi 10,000. Alinunua kilo 3 za mchele, akabaki na shilingi 1,900. Kilo moja ilikuwa bei gani?

Tusichokijua ni bei ya kilo moja. Tuiite x. Kilo tatu ni 3x. Pesa ya mchele ukijumlisha na chenji lazima irudi kuwa ile aliyotoka nayo:

3x + 1,900 = 10,000

Sasa fikiria mizani ya dukani, ile yenye sahani mbili. Alama ya sawasawa ndiyo ile nguzo ya katikati. Upande wa kushoto na wa kulia vina uzito mmoja. Ukitoa kitu upande mmoja, mizani italala, mpaka utoe kiasi hicho hicho upande wa pili. Tunatoa 1,900 kila upande:

3x = 8,100

Kilo tatu ni 8,100, basi kilo moja tunagawanya kwa 3:

x = 2,700

Kilo moja ni shilingi 2,700. Tuhakikishe: 2,700 mara 3 ni 8,100, ongeza chenji 1,900, unapata 10,000. Jibu limesimama.

Wanafunzi wengi wamekariri kwamba "namba ikivuka ng'ambo inabadilika alama". Kauli hiyo inaleta jibu, lakini inaficha sababu. Hakuna namba inayovuka. Umetoa 1,900 pande zote mbili. Kushoto ikaisha, kulia ikapungua. Mtoto aliyeelewa mizani hachanganyikiwi swali likigeuzwa. Aliyekariri kuvuka, siku moja atavusha vibaya na hatajua kwa nini amekosa.

Swali la 2: umri wa baba na mtoto

Umri wa baba ni mara 4 ya umri wa mtoto wake. Baada ya miaka 6, umri wa baba utakuwa mara 3 ya umri wa mtoto. Sasa hivi wana miaka mingapi?

Mtoto ana miaka x, baba ana 4x. Baada ya miaka 6 wote wawili wataongeza 6: mtoto atakuwa x + 6, baba 4x + 6. Wakati huo baba ni mara 3 ya mtoto:

4x + 6 = 3(x + 6)

Hapa ndipo kalamu nyingi huteleza. Mwanafunzi huandika kwamba 3(x + 6) ni 3x + 6. Mabano ni kama mfuko. Ukiwa na mifuko mitatu, na kila mfuko una x na 6 ndani yake, huna 6 moja. Una 6 tatu, yaani 18:

4x + 6 = 3x + 18

Toa 3x kila upande: x + 6 = 18. Toa 6 kila upande: x = 12.

Mtoto ana miaka 12 na baba ana 48. Baada ya miaka 6 watakuwa na 18 na 54, na 18 mara 3 ni 54. Sawa.

Swali la 3: kuku na mbuzi

Katika zizi kuna kuku na mbuzi. Vichwa ni 20, miguu ni 56. Kuku ni wangapi na mbuzi ni wangapi?

Swali hili mwachie bibi kwanza. Bibi anaweza kulifanya hivi: chukulia kila mnyama amesimama kwa miguu miwili tu, mbuzi nao wameinua ya mbele. Vichwa 20, kwa hiyo miguu iliyo chini ni 40. Lakini tumeambiwa miguu ni 56. Imebaki 16 hewani, na hiyo yote ni ya mbuzi, miwili kwa kila mmoja. Basi mbuzi ni 8 na kuku ni 12.

Sasa tulifanye kama darasani. Kuku ni x, mbuzi ni y.

x + y = 20
2x + 4y = 56

Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2: 2x + 2y = 40. Utoe kutoka ule wa pili: 2y = 16, hivyo y = 8. Rudi kwenye ule wa kwanza: x = 12.

Tazama vizuri hizo namba. 40 ndiyo miguu iliyo chini. 16 ndiyo iliyoinuliwa. Bibi na mwalimu wamefanya kitu kile kile. Mmoja kwa kusimulia, mwingine kwa kuandika. Faida ya kuandika ni kwamba njia hiyo hiyo itafanya kazi hata swali likihusu tiketi za watoto na watu wazima, au mifuko ya saruji na nondo, ambako hakuna miguu ya kuinua.

Uwezekano ni nini

Tukitoka kwenye kitu tusichokijua lakini kipo, tunaingia kwenye kitu ambacho hakijatokea bado. Je, nacho kinaweza kupigiwa hesabu? Kinaweza.

Ukirusha dadu, zipo njia 6 za kuanguka. Kupata 5 ni njia moja kati ya hizo. Uwezekano wake ni 1/6. Kupata namba shufwa (2, 4 au 6) ni njia 3 kati ya 6, yaani 1/2. Kanuni ni hiyo: idadi ya njia unazozitaka, gawanya kwa idadi ya njia zote, mradi kila njia ina nafasi sawa ya kutokea. Lisilowezekana kabisa lina uwezekano 0. Lililo hakika lina 1. Mengine yote yapo katikati. Mwanafunzi akipata jibu linalozidi 1, asiendelee mbele. Arudi atafute kosa.

Swali la 4: vifuniko vya soda

Mfuko una vifuniko vya soda 8: vyekundu 5 na vya bluu 3. Unachukua kimoja bila kuangalia, hukirudishi, kisha unachukua cha pili. Kuna uwezekano gani vyote viwe vyekundu?

Mara ya kwanza: 5 kati ya 8, yaani 5/8. Mara ya pili mfuko umebadilika. Vimebaki vifuniko 7, na kama cha kwanza kilikuwa chekundu, vyekundu vimebaki 4. Basi ni 4/7. Tunazidisha kwa sababu tunataka hili litokee na lile pia litokee:

5/8 × 4/7 = 20/56 = 5/14

Kosa la kawaida ni kuandika 5/8 × 5/8, kana kwamba kifuniko kilirudishwa. Mwambie mtoto alipigie mstari neno "hukirudishi". Halafu mjaribu kweli: vifuniko vipo nyumbani au dukani kwa jirani. Chukueni viwili, andikeni, rudisheni vyote, mrudie mara 50. Hamtapata 5/14 kamili, lakini mara nyingi mtakuwa jirani yake.

Swali la 5: "angalau"

Sarafu inarushwa mara 3. Kuna uwezekano gani upate upande wa kichwa angalau mara moja?

Neno "angalau" huwatisha wengi kwa sababu maana yake ni mara moja, au mbili, au tatu. Kuna njia ya mkato. Jiulize kinyume chake: nisipate kichwa hata mara moja. Hiyo ni 1/2 × 1/2 × 1/2 = 1/8. Kilichobaki chote ndicho tunachotaka: 1 − 1/8 = 7/8.

Barua kuhusu dau

Hesabu hizi nazo zina historia, na zilianzia kwenye kamari. Mwaka 1654 huko Ufaransa, Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu swali hili: watu wawili wameweka dau, kila mmoja sarafu 32, na wa kwanza kushinda mizunguko 3 atachukua zote 64. Mmoja ameshinda 2, mwenzake 1. Mchezo ukikatizwa hapo, wagawane vipi?

Pascal alijibu hivi. Kama mzunguko mmoja zaidi ungechezwa, anayeongoza angeshinda na kuchukua 64, au angeshindwa wakawa 2 kwa 2, na hapo kila mmoja achukue 32. Kwa vyovyote vile 32 ni zake. Zile 32 nyingine zina nafasi nusu kwa nusu, basi wazigawane 16 kwa 16. Anayeongoza achukue 48, mwenzake 16. Ndani ya jibu hilo kuna fundisho kubwa: hata kabla jambo halijatokea, unaweza kujua lina thamani gani.

Tuipigie hesabu mikeka

Tumewahi kuulizwa studioni na kijana: "Mikeka yangu sita imechanika mfululizo, je, wa saba si ndiyo zamu yangu?" Tulimjibu kwa kifupi siku ile. Hapa tumjibu kwa kirefu.

Tuseme umechagua timu 5, na kila moja ina nafasi nzuri ya kushinda, 6 kati ya 10. Ukizitazama moja moja zinatia moyo. Lakini mkeka unataka zote zishinde, na tumeshaona kwenye vifuniko kwamba "na" maana yake ni kuzidisha:

0.6 × 0.6 × 0.6 × 0.6 × 0.6 = 0.078 hivi

Ni kama mikeka 8 kwa kila 100. Ukiongeza timu zifike 10, inabaki kama 6 kwa kila 1,000. Timu moja ikikuangusha, tunasema "ilibaki kidogo tu". Hesabu inasema haikubaki kidogo; kukosa ndiko kulikotarajiwa.

Sasa tazama malipo. Chukua mchezo ulio nusu kwa nusu, kama sarafu. Malipo ya haki ni kuweka 1,000 na kurudishiwa 2,000 ukishinda. Tuseme mwenye kibanda analipa mara 1.8, yaani 1,800. Ukicheza mara 100 unatoa 100,000. Utashinda kama mara 50, urudishiwe 90,000. Kwa wastani 10,000 imebaki kwake. Ukiunganisha michezo 5 ya namna hiyo kwenye mkeka mmoja, malipo yanakuwa karibu mara 18.9 na yanapendeza macho, lakini nafasi ya kushinda ni 1 kati ya 32. Kwa wastani, kila 1,000 unayoweka inarudi kama 590. Kadiri mkeka unavyorefuka, ndivyo fungu la mwenye kibanda linavyonenepa.

Na ile hoja ya zamu? Sarafu haina kumbukumbu. Ikianguka upande mmoja mara sita, mara ya saba nafasi bado ni nusu. Mkeka wa saba haujui kwamba sita zilizopita zilichanika.

Hatuandiki haya tukiwa tumesimama mbali. Matangazo ya kubeti yanasikika redioni, na kwetu pia yanapita. Kila tangazo linamtaja aliyeshinda, na hakuna linalotaja waliochangia ushindi wake. Kwa sababu hiyo tunaona tuna deni la kuieleza hesabu hii kwa vijana wanaotusikiliza. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kushiriki michezo ya kubahatisha. Lakini sheria haiko mezani kwako saa mbili usiku. Daftari la uwezekano liko.

Mzazi afanye nini mezani

Huhitaji kujua jibu. Uliza maswali haya manne, kwa utaratibu huu:

1. Swali linasema nini? Alieleze kwa maneno yake, kwa lugha anayoiota.
2. Tunatafuta nini? Kitu hicho kipewe herufi, na aandike herufi hiyo inasimama badala ya nini: bei, umri, idadi.
3. Nini kinalingana na nini? Au kwenye uwezekano: njia zote ni ngapi, na tunazozitaka ni ngapi?
4. Jibu lina mantiki? Alirudishe kwenye swali aone kama linakaa. Baba wa miaka 7, mbuzi 8 na nusu, uwezekano wa 1.4: hayo ni majibu yanayojisema yenyewe kuwa yamekosewa.

Usimfanyie. Ukishika kalamu wewe, kesho darasani hutakuwepo. Na akikosa, asifute. Aache kosa lake likae na aandike pembeni lilitokea wapi. Mwalimu akiliona ataelewa pa kumsaidia.

Mawili ya kujaribu leo

La kwanza: dereva wa bodaboda alitoza shilingi 1,500 kwa kila safari. Siku nzima alitumia 7,000 kwa mafuta, akapeleka hesabu ya 10,000 kwa bosi, akabaki na 13,000. Alipiga safari ngapi?

La pili: trei ndogo ina mayai 10, na 2 kati yake ni mabovu. Unachukua mawili bila kuchagua. Kuna uwezekano gani yote mawili yawe mazima?

Yafanyeni kwanza ndipo msome hapa chini.

Bodaboda: 1,500x − 7,000 − 10,000 = 13,000. Ongeza 17,000 kila upande: 1,500x = 30,000, hivyo x = 20. Alipiga safari 20.

Mayai: 8/10 × 7/9 = 56/90 = 28/45. Ni kama mara 62 kwa kila 100. Kwa hiyo kabla ya kukaanga, yatumbukize kwanza kwenye maji. Yai lililoharibika mara nyingi huelea.